Mlima Ndani ya Kioo, Mkarafuu Nje ya Dirisha

Mtoto wa kaka yangu alianguka kutoka katika mkarafuu huko Ole alipokuwa na umri wa miaka 19. Ulikuwa msimu wa vuli, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na tawi alilolikanyaga lilikuwa bado limelowa. Pakacha lilitangulia, naye akafuata. Mfupa wa paja lake la kulia ulivunjika. Wenziwe walikuwa na busara ya kutomnyanyua hobelahobela: walimlaza juu ya ubao wa mlango, wakaufunga mguu kwa vipande vya mbao na kanga, kisha wakampakia garini.

Wanaoijua Ole watafahamu kwamba habari kama hiyo si ngeni. Kijiji hiki kilicho kaskazini ya mji wa Chake Chake, pale inapoanzia barabara ya kwendea Kengeja, huishi kwa karafuu kama zilivyo sehemu nyingi za Pemba. Kiasi kikubwa cha karafuu za Zanzibar hutoka katika kisiwa hiki, na mkarafuu uliokomaa waweza kufikia urefu wa mita 10 au zaidi. Kila msimu vijana huparamia matawini, na hospitali zetu hupokea baadhi yao wakiwa wamevunjika.

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kazi ambayo wengi huiita fiziotherapia. Kwa kijana huyu, hata hivyo, sikuwa mhudumu bali shangazi, nikikaa kando ya kitanda chake kama jamaa yeyote wa mgonjwa. Ninaandika makala haya kwa sababu ya kitu kilichoingia wodini katika wiki ya tatu ya kulazwa kwake. Mwanzoni nilikidharau, baadaye nikakitukuza kupita kiasi, na sasa nadhani nimekipatia mahali pake. Kitu chenyewe ni mchezo wa kidijitali, au gemu kama vijana waiitavyo, wenye milima, mito na majani yanayoyumba kwa upepo.

Kupanda mlima umelala

Tiba aliyopewa ilikuwa ya kuvutwa mguu kwa uzito. Chuma chembamba kilipitishwa katika mfupa chini ya goti, kamba ikafungwa, na uzito ukaning'inizwa mwisho wa kitanda ili vipande vya mfupa uliovunjika vikae katika mstari mmoja mpaka viunge. Ni njia ya zamani na bado inafaa pale ambapo upasuaji hauwezekani kwa haraka, lakini humtaka mgonjwa alale chali kwa wiki nyingi. Kila asubuhi muuguzi alisafisha pale chuma kilipoingilia na pale kilipotokea. Dawa ya maumivu alipewa, na ilimsaidia. Lakini mwili wake ulikuwa umekwisha kujifunza kuogopa. Alianza kutetemeka aliposikia magurudumu ya toroli ya dawa ukumbini, kabla hata hajaguswa.

Binamu yake alifika likizo kutoka Maskati, akamletea kifaa cha gemu cha kushika mkononi. Ndani yake mlikuwa na mchezo uitwao The Legend of Zelda: Breath of the Wild, uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 2017. Mchezaji huamka pangoni, hutoka nje, na mbele ya macho yake hutandazika nchi nzima: mabonde, magofu, misitu, na mlima wa moto kwa mbali. Sehemu nyingi zinazoonekana zaweza kufikiwa kwa miguu, na majabali mengi yaweza kupandwa. Kupanda kwenyewe kuna kanuni zake. Nguvu za mpandaji huonyeshwa kwa duara la kijani linalopungua kidogo kidogo. Likimalizika kabla hajafika, huanguka. Na mvua inaponyesha, mwamba huteleza.

"Shangazi," aliniambia siku moja bila kuondoa macho kiooni, "waliotengeneza gemu hii wanaijua mvua."

Asubuhi iliyofuata alimwomba muuguzi amwache aendelee kucheza wakati akisafishwa. Muuguzi alikubali. Kijana alikunja uso mara mbili, akauma mdomo mara moja, kisha toroli likaondoka. Dakika kadhaa zilipita ndipo alipouliza kama kazi imekwisha kuanza.

Kioo kinavyoziteka fahamu

Kioo kisichozidi upana wa viganja viwili kinawezaje kumtoa mtu wodini? Jibu limo katika namna ubongo unavyofanya kazi. Ubongo hauusubiri ulimwengu uje mzima mzima kupitia macho na masikio. Muda wote hukisia kile kilichopo, kisha husahihisha makisio yake kwa habari chache zinazoletwa na milango ya fahamu. Kwa hiyo mtengenezaji wa gemu hana haja ya kuleta kila kitu. Akileta yale machache ambayo ubongo huyatumia kukisia, mengine ubongo utayajaza wenyewe.

Tuuchukue upepo kuwa mfano. Upepo hauonekani. Katika mchezo ulioundwa vizuri, majani yote huinama upande mmoja, moshi hulala upande huohuo, nguo ya mhusika hupepea, na mvumo huongezeka kadiri apandavyo kileleni. Macho na masikio yanapokubaliana hivyo, mchezaji huuona upepo usiokuwapo, na wapo wasemao kwamba wanahisi hata ubaridi wake. Nyayo nazo hubadili sauti zikikanyaga mchanga, majani, jiwe au ubao, na pangoni hurudi kama mwangwi. Milima ya mbali hupakwa rangi hafifu ya samawati, kama vile visiwa vionekanavyo asubuhi kutoka ufukweni kwetu. Mwanga hugeuka kutoka alfajiri hadi adhuhuri hadi magharibi. Kifaa chenyewe hutetema mkononi pale jiwe linapoporomoka, na hivyo ngozi nayo hushirikishwa.

Kuna jambo la pili lililo kubwa zaidi, nalo ni kutenda. Filamu humwonyesha mtu mlima. Gemu humwuliza atapita wapi. Kila hatua anayoichagua hujibiwa na mazingira: akitupa jiwe majini, maji huruka, akiwasha moto penye nyasi kavu, nyasi huungua. Mtu anayejibiwa hivyo husahau upesi kwamba anatazama picha.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya umeme kufika. Bibi aliposema "Paukwa," nasi tukaitikia "Pakawa," ukumbi wenye giza uligeuka msitu, na mtoto aliyekuwa akiumwa na jino alilisahau jino lake mpaka hadithi ilipokwisha. Gemu imeongeza kwamba macho, masikio na vidole hushughulishwa kwa wakati mmoja, na kwamba hadithi haisongi mbele mpaka msikilizaji atende.

Maumivu hupita langoni

Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walichapisha nadharia iliyobadili fikra za waganga juu ya maumivu. Walieleza kwamba habari za jeraha hazipandi moja kwa moja hadi ubongoni. Hupita katika uti wa mgongo, ambako pana kitu mfano wa lango: laweza kufunguka zaidi au kufungika kiasi, na ubongo wenyewe, kwa hofu yake au utulivu wake, ni miongoni mwa wanaolishika lango hilo. Baadhi ya maelezo ya nadharia hiyo yamerekebishwa tangu hapo, lakini kiini chake kimesimama. Maumivu ni ya kweli daima, na kiasi chake hutegemea pia mahali yalipo mazingatio ya mgonjwa.

Hapa ndipo gemu zilipopata nafasi ya kuingia hospitalini. Huko Seattle, Marekani, Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington walikuwa wakiwashughulikia watu walioungua moto. Anayefanya kazi hiyo anajua kwamba kusafisha jeraha la moto huweza kuuma kuliko kulala nalo, na kwamba dawa kali peke yake mara nyingi haitoshi. Mwaka 2000 wao na wenzao walichapisha habari za vijana 2 walioungua. Vijana hao walipotibiwa majeraha huku wamevaa kofia yenye vioo iliyowaingiza katika ulimwengu wa mfano, walisema waliumia kidogo kuliko walipocheza mchezo wa kawaida wa video. Watafiti hao walikwenda mbele wakaunda ulimwengu uitwao SnowWorld: korongo la barafu ambamo theluji huanguka polepole, na mgonjwa hurusha mipira ya theluji kwa sanamu za theluji na ndege waitwao pengwini. Kwa aliyeungua, hakuna mahali palipo mbali na moto kuliko hapo.

Mwaka 2004 walichapisha uchunguzi mwingine. Watu 8 wenye afya walikubali kuguswa na joto lenye kuumiza huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipokuwa ndani ya SnowWorld, shughuli ilipungua katika maeneo 5 ya ubongo yanayohusika na maumivu. Basi mgonjwa asemapo "sikuhisi sana," hasemi hivyo ili kumfurahisha muuguzi. Na mwezi Novemba 2021 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani iliruhusu kifaa cha aina hiyo, kiitwacho EaseVRx, kitumike kwa cheti cha daktari, pamoja na tiba nyingine, kwa watu wazima wenye maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo.

Lakini kabla ya kofia hizo zote kulikuwa na dirisha. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa wagonjwa 46 waliotolewa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania kati ya mwaka 1972 na 1981. Nusu yao walilala mahali ambapo dirisha lilitazama miti. Nusu nyingine, waliofanana nao kwa umri na hali, dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Walioiona miti walikaa hospitalini kwa wastani wa siku 7.96 baada ya upasuaji, na waliouona ukuta siku 8.70. Walioiona miti walihitaji pia dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Wagonjwa hao walikuwa wachache na hospitali ilikuwa moja, kwa hiyo tusiutwike uchunguzi huo mzigo usioweza kuubeba. Hata hivyo, umewafanya wajenzi wa hospitali wajiulize swali jema: mgonjwa aliyelala anaona nini?

Kosa langu

Nilipoyaona ya toroli, nilishangilia. Nilimsimulia kila niliyekutana naye. Katika wiki ya tano kijana alikuwa akicheza tangu alfajiri hadi usiku wa manane, nami, ambaye kazi yangu ni viungo, niliona amani yake nikasahau mwili wake. Alikuwa ameagizwa kukaza msuli wa paja mara nyingi kwa siku, kuchezesha kifundo cha mguu ili damu isigande, na kuvuta pumzi ndefu ili mapafu yasijae makohozi. Kila nilipomuuliza alijibu "nitafanya," na kila alipojibu hivyo nilimwamini. Aliyekuwa akikimbia mabondeni ni mtu wa kiooni. Uzito ulipoondolewa mguuni, paja lilikuwa limenywea na goti limekakamaa. Wiki nyingi za mazoezi yenye maumivu zilihitajika kulirudisha, na sehemu ya maumivu hayo ingeweza kuepukwa.

Tangu hapo nimejifunza kuyataja madhara pamoja na manufaa. La kwanza ni kichefuchefu. Ndani ya sikio mna kiungo kinachoupasha ubongo habari za mwendo wa mwili. Macho yasemapo "tunakimbia" na sikio likasema "tumelala," ubongo hutatizika, na mchezaji huona kizunguzungu au hutapika. Huwapata zaidi wanaotumia kofia zenye vioo, na mgonjwa aliyetoka kwenye nusukaputi au mwenye jeraha la kichwa hafai kuwekwa katika hali hiyo.

La pili ni kifafa. Baadhi ya wenye maradhi hayo, nao ni wachache, hupata degedege kwa mwanga unaomemeteka. Desemba 1997 kipindi cha katuni cha televisheni huko Japani kilionyesha mmemeteko wa rangi nyekundu na samawati, na mamia ya watoto wakapelekwa hospitalini. Muulize kila mgonjwa kabla ya kumpa kioo.

La tatu ni macho na usingizi. Jua la mchana wa wazi huweza kutoa mwanga wa kipimo cha laksi 100,000. Kioo kinachong'aa sana hutoa mamia tu. Jua la kuchorwa halifanyi kazi ya jua. Huko Guangzhou, China, watafiti waliongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya skuli kwa watoto wa darasa la kwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba katika miaka 3, watoto 30.4 kati ya kila 100 walipata tatizo la kutoona mbali, ilhali katika skuli ambazo dakika hizo hazikuongezwa walikuwa 39.5. Nako kucheza hadi usiku wa manane humnyima mgonjwa usingizi ambao mwili wake unauhitaji ili upone.

La nne ni uraibu. Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa michezo ya kidijitali kuwa ni maradhi katika orodha yake ya 11 ya magonjwa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, mchezo kutangulizwa mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea nao ingawa anaona unamdhuru. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12 au zaidi. Kijana anayecheza sana kwa wiki sita za kulazwa hajafikia hapo. Mzazi asimtie jina la uraibu, wala asiache kumwangalia.

Dirisha lililofungwa

Aliporudi Ole, kitanda chake kiliwekwa katika chumba ambacho dirisha lake linatazama mikarafuu. Siku ya kwanza aliomba lifungwe. Siku ya tatu lilikuwa bado limefungwa, na ndani ya giza hilo kijana alikuwa akiparamia mlima wenye theluji.

Nilipomuuliza juu ya mkarafuu, alinyamaza. Nilipomuuliza juu ya mlima wa kiooni, alizungumza kwa kirefu: wapi mwamba una kingo za kupumzikia, wapi humalizika nguvu, wapi ameanguka mara nyingi. Nikamuuliza kwa nini haogopi kuanguka kule. Akafikiri kidogo. "Kule nikianguka, naanza tena pale pale," akasema. "Huku nilianguka nikamwona mama akikimbia."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza juu ya siku ile. Mandhari ya gemu ilikuwa imempa njia ya kulizungumza jambo ambalo hakuweza kulizungumza likiwa na jina lake. Jambo hili halikuanza kwake. Tarehe 23 Aprili 2024 ulitolewa mchezo uitwao Tales of Kenzera: Zau, ulioongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, baada ya kufiwa na babaye. Ndani yake, kijana mganga aitwaye Zau anavuka nchi iliyochotwa katika simulizi za Wabantu, akimtaka mungu wa mauti amrudishie baba yake. Njiani kuna mibuyu. Zau akiketi chini ya mbuyu, hutua na kuyatafakari yaliyo moyoni mwake, na nguvu zake za uhai huongezeka. Mchezo huo una sauti za Kiswahili, kwa hiyo mtu wa pwani yetu anaweza kuyasikia maombolezo hayo kwa lugha ya nyumbani kwao.

Pamoja na mhudumu aliyemfuatilia nyumbani, tulipanga safari ya hatua ndogo. Kwanza aliendelea kucheza, ila dirisha likiwa wazi. Baada ya siku chache alicheza akiwa ameketi kizingitini. Kisha tulifanya biashara naye: kilele kimoja cha kiooni kwa safari moja ya magongo hadi barazani na kurudi. Safari ziliongezeka na vilele vikapungua, maana barazani palikuwa na watu wa kuzungumza nao. Hatimaye alifika uani, ambako bibi yake alikuwa ameketi jamvini akichambua karafuu na kuzitenga na makonyo yake. Alisimama pale kwa magongo kwa muda mrefu.

"Gemu haina harufu," akasema, na akaomba apewe kibao akae.

Kwa wahudumu wa afya

Tusisubiri kofia za gharama kubwa. Simu ya jamaa wa mgonjwa, yenye mchezo tulivu au picha za mto unaotiririka, yaweza kutosha kwa kazi fupi kama kubadili bandeji, kudunga sindano au kukunja goti lililokakamaa. Pasipo na simu kuna hadithi, na kwa mtoto hadithi bado ni kifaa chenye nguvu. Yafuatayo yazingatiwe.

1. Dawa ya maumivu itangulie, na ipewe muda wa kufanya kazi. Kioo huongezwa juu ya dawa; kamwe kisichukue nafasi yake. Mgonjwa aliyetulia kwa sababu anacheza bado ana haki ya kuulizwa kiwango cha maumivu yake.

2. Mgonjwa aanze kucheza dakika chache kabla ya kazi kuanza, ili mazingatio yake yawe yamekwisha kuzama. Chagua mchezo wa mandhari tulivu kuliko wa mapigano, nao uwe wa kuchezwa kwa mikono isiyohusika na jeraha.

3. Uliza kuhusu kifafa, kizunguzungu, jeraha la kichwa na kutapika. Acha mara moja akilalamika kichefuchefu.

4. Kifaa kikipita kutoka kwa mgonjwa hadi mgonjwa, kinaweza kubeba vijidudu. Kifutwe kwa spiriti, na penye majeraha kitiwe katika mfuko safi wa plastiki angavu ambao vidole vinaweza kufanyia kazi juu yake.

5. Andika muda wa kucheza kama unavyoandika muda wa dawa. Baada ya kila kipindi, mazoezi ya viungo yafuate.

6. Kisogeze kitanda karibu na dirisha pale inapowezekana. Ikiwa nje kuna mti, huna haja ya kuununua.

Kwa mgonjwa na jamaa zake

Usione haya kusema kwamba mchezo unakupunguzia maumivu. Maumivu yako hayakuwa ya uongo kabla, wala nafuu yako si ya uongo sasa. Ila mwambie mhudumu, ili naye ajue saa ngapi kinakufaa zaidi. Ukihisi kwamba huwezi tena kukiweka chini, au kwamba unakikimbilia kila unapotajiwa jambo fulani, mwambie pia. Huenda hilo unalolikimbia linahitaji tiba yake. Nawe mama au baba, kabla ya kumnyang'anya mtoto kioo, keti naye dakika kumi akuonyeshe alikofika. Utajua yuko wapi, na itakuwa rahisi kumwita arudi.

Mpwa wangu sasa anatembea bila magongo, akichechemea kidogo jioni akiwa amechoka. Msimu uliofuata hakupanda mkarafuu, na hakuna aliyemlazimisha. Alisimama chini na kigoe, akiyavuta matawi ya chini yanayofikika kutoka ardhini, na mchana aliketi jamvini na bibi yake. Kifaa cha gemu amekiazima kwa mtoto wa jirani aliyemwagikiwa na uji wa moto mkononi. Alikipeleka mwenyewe kwa miguu, kimefutwa kwa spiriti na kutiwa katika mfuko safi, na akamweleza mama wa mtoto kwamba kifunguliwe kabla ya bandeji kuguswa na kizimwe bandeji mpya ikishafungwa, ili mtoto atoke nje kucheza.